Gurudumu la tatu liko nyuma: jibu kwa makala ya gari la Morgan

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa magari mlichapa hivi karibuni makala juu ya gari la spoti la magurudumu matatu, aina ya Morgan, linalotengenezwa Malvern huku Uingereza. Mwandishi alilifananisha na bajaji, akasema kwamba hupinduka kwenye kona kama bajaji inavyopinduka, kisha akaeleza kuwa ni chombo cha siku za jua tu, cha kufungiwa bandani mara baridi inapoanza, na kisichofaa kabisa kuingizwa katika uwanja wa mbio. Ningelinyamazia jambo hili kama lingeishia hapo, lakini aya yake ya mwisho iliwasifu vijana mafundi wa nyumbani wanaotaka kuunda gari kama hilo kwa kuchukua chesisi, yaani fremu ya chini, ya bajaji na kuifunga injini kubwa ya pikipiki. Hapo nimeona sina budi kuandika, kwa sababu ushauri huo unaweza kumuua mtu.

Mimi ni fundi magari. Kazi nilijifunza katika gereji moja Tanga, na kwa miaka 15 sasa naifanya mkoani Worcestershire, umbali mfupi kutoka kiwanda cha Morgan kilipo. Gari lenyewe ninalo, la mwaka 2014, nililolinunua mkononi mwa mtu. Nimeliendesha majira ya baridi 6 bila kulipumzisha, na nimelipeleka uwanjani kila nilipopata nafasi na fedha za kiingilio.

Nianze na bajaji, maana kosa lilianzia hapo. Bajaji ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, ilhali Morgan lina mawili mbele na moja nyuma, na tofauti hiyo si ya sura tu. Dereva wa bajaji anapokanyaga breki huku amekata kona, uzito wa chombo pamoja na abiria wake huelekea mbele na kwa nje, na mahali hapo, mbele kwa nje, hakuna gurudumu la kuupokea. Ndiyo maana kila dereva mzoefu wa bajaji, awe wa Tanga au wa Mombasa wanakoiita tuktuk, anamaliza kupunguza mwendo kabla hajageuza usukani. Hapa Uingereza nako lilikuwako gari lenye mpangilio huo huo wa bajaji, Reliant Robin, lililoanza kutengenezwa mwaka 1973, na sifa yake ya kulala ubavu inajulikana hadi leo. Katika Morgan, uzito ule ule unapokimbilia mbele na nje unalikuta gurudumu la mbele la upande huo likiungoja, likiwa limebanwa na springi na shokomzoba zake. Breki ndani ya kona, ambayo ndiyo adui mkubwa wa bajaji, katika Morgan hulikandamiza gari chini pale pale penye msaada.

Sisemi kwamba Morgan halipinduki. Gurudumu moja la nyuma haliwezi kuzuia gari lisiinamie upande, kwa hiyo kazi yote ya kuzuia hufanywa na yale mawili ya mbele. Waliolisanifu wanalijua hilo, na ndiyo maana katika gari langu injini ya silinda 2, yenye ukubwa unaokaribia sentimita za ujazo 2,000, imening'inizwa mbele kabisa ya pua, na dereva na abiria wameketishwa chini kiasi kwamba nikinyosha mkono kando naweza karibu kuigusa lami. Uzito uko mbele na uko chini. Kisha kuna tairi zenyewe za mbele, za inchi 19, nyembamba kama za pikipiki ya zamani, ambazo watu wengi wanaolitazama gari langu kwenye kituo cha mafuta huzionea huruma na kunishauri nizibadilishe nifunge pana. Nawajibu kila mara kwamba tairi hizo nyembamba ni kinga. Gari hupinduka pale tairi linapoishika barabara kwa nguvu kuliko uzito wa gari unavyoweza kustahimili. Tairi likiachia mapema, gari huserereka kando likiwa limesimama wima. Anayefunga tairi pana na laini kwenye gari la namna hii ameiondoa ile nafasi ya kuserereka na kuiweka nafasi ya kupinduka mahali pake, naye atafurahia mshiko wake mpya mpaka siku ya kona mbaya.

Kuhusu baridi, mwandishi wenu angesoma historia kidogo asingesema aliyosema. H.F.S. Morgan alianzisha kampuni yake mwaka 1909, na gari lake la kwanza la magurudumu matatu lilionyeshwa kwa umma katika ukumbi wa Olympia, London, Novemba 1910. Mwezi uliofuata, siku moja baada ya Krismasi, yaani tarehe 26 Desemba, yeye mwenyewe aliliendesha katika safari ya majaribio ya kutoka London hadi mji wa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kurudi, usiku na mchana, katikati ya majira ya baridi ya Uingereza, akapata medali ya dhahabu. Safari hiyo ya Exeter bado hufanyika kila Januari, gizani, kwenye vilima vya matope vya Devon, na mpaka leo Morgan za magurudumu matatu hushiriki. Gari hili lilizaliwa kwenye baridi.

Nasema hivyo bila kuificha shida iliyopo, kwa sababu shida ipo na ni kubwa, nami nataka vijana waielewe ilivyo hasa. Barabara zote zimechorwa na magari ya magurudumu manne. Theluji inapoanguka, magari hayo hukanyaga mifereji miwili, na baada ya saa moja au mbili lami huonekana ndani ya mifereji hiyo. Katikati hubaki tuta la theluji iliyochanganyika na mchanga na vipande vya barafu, ambalo hakuna tairi lililolipitia. Magurudumu yangu ya mbele yanatembea ndani ya mifereji, penye lami, lakini la nyuma liko juu ya tuta, na hilo la nyuma ndilo pekee linalolisukuma gari. Nikipanda kilima katika hali hiyo na barabara ikiwa tupu, husogea kulia kidogo ili gurudumu la nyuma liingie kwenye mfereji, na ya mbele yakanyage theluji. Hayo yanaweza kuvumilia kwa kuwa kazi yao ni kuongoza tu. Mashimo nayo ni hivyo hivyo. Maji huingia kwenye nyufa za lami, yakaganda usiku, yakavimba na kuipasua, hivyo kufika Februari barabara za vijijini zimejaa mashimo. Dereva wa gari la kawaida hulipitisha shimo katikati ya magurudumu yake. Mimi nikilikwepa kwa magurudumu ya mbele nimelielekeza lile la nyuma moja kwa moja ndani yake, na hapa naamini wenye bajaji watanielewa haraka kuliko madereva wengine wote, kwa kuwa wao hulipata lile lile kwa gurudumu la mbele.

Nitaeleza asubuhi moja. Ilikuwa Februari, nikitoka Malvern kwenda Colwall kwa njia ya Wyche, ambayo imepasuliwa ndani ya mwamba juu ya vilima. Upande wa mashariki jua lilikuwa limekwisha kupiga, na lami ilikuwa nyeusi, yenye unyevu tu. Nilipotokeza upande wa magharibi, niliingia katika kivuli cha kilima, ambako jua la asubuhi halifiki na lami ilikuwa bado na barafu nyembamba isiyoonekana, na kwa mazoea nikashusha gia hadi ya pili nikaachia klachi upesi. Kiti kilisogea chini yangu. Katika Morgan dereva amekaa mbele kidogo tu ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo habari za gurudumu hilo humfikia kupitia nyonga kabla hazijafika machoni. Lilikuwa limekwenda kando kiasi cha shibiri mbili, na ukuta wa mawe ulikuwa kushoto kwangu. Sikugusa breki. Nilikanyaga klachi mpaka chini ili gurudumu lizunguke huru, nikayaelekeza magurudumu ya mbele kule nilikotaka kwenda, nikasubiri, na gari likajinyosha lenyewe. Haikuzidi sekunde mbili. Nilipofika Colwall niliegesha, nikakaa kitambo nikiwa nimeshika usukani.

Kosa lilikuwa langu, na sababu yake inafaa kuelezwa. Katika gari la kawaida, unapoachia mafuta au kushusha gia ghafla, injini huyazuia magurudumu mawili au manne, na kila moja hubeba sehemu yake. Katika Morgan injini inalizuia gurudumu moja tu, tena lile lililo jepesi wakati wa kupunguza mwendo, kwa kuwa uzito umekwenda mbele. Juu ya barafu ile nyembamba isiyoonekana, kuachia klachi kwa ghafla ni sawa na kuivuta breki ya mkono. Tangu siku hiyo, mwezi wa Novemba ukiingia nashusha gia mapema, nikiwa bado kwenye njia iliyonyooka, na mguu wangu unaachia klachi taratibu kama mtu anayeweka chini sinia la vikombe. Gari hili halina mtambo wa kuzuia breki zisibane magurudumu hadi yaache kuzunguka (ABS), wala wa kuzuia gurudumu lisizunguke bure. Mguu wa dereva ndio mtambo wenyewe.

Mambo mengine ya baridi ni ya mwili na ya chuma. Gari halina paa wala milango, na kioo chake ni kidogo kama sahani. Hewa ikiwa nyuzi 2 na mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na vidole vilivyokufa ganzi havisikii usukani. Mimi huvaa nguo nzito za pikipiki, glavu mbili, moja juu ya nyingine, na husimama kila baada ya dakika 40 hata kama sijachoka. Halafu kuna chumvi. Halmashauri humwaga chumvi ya mawe barabarani ili barafu iyeyuke, nayo hurushwa na magurudumu ya mbele kila mahali. Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kuelezwa chumvi inavyofanya kwenye gari. Nimeona Tanga magari yaliyoliwa milango na upepo wa bahari tu. Chesisi ya Morgan ni ya mabomba ya chuma, na bodi yake ni alumini iliyofungwa juu ya fremu ya mbao, kwa hiyo kila jioni nikirudi huliosha chini kwa maji baridi ya bomba kabla sijavua koti, napaka grisi kwenye kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, kisha kwa tochi naukagua mkanda unaolizungusha gurudumu la nyuma, kwa sababu changarawe moja iliyonasa kati ya mkanda na puli inaweza kuutoboa mkanda wote. Ni kazi ya nusu saa. Asiyekuwa tayari kuifanya, huyo kweli alifungie bandani.

Nije kwenye uwanja wa mbio, ambako makala yenu ilikosea zaidi. Mwaka 1913, katika mashindano ya magari madogo huko Amiens, Ufaransa, Morgan lililoendeshwa na W.G. McMinnies lilimaliza la kwanza. Mwaka 1924 katika uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, E.B. Ware na fundi wake, wakiwa ndani ya Morgan, walipata ajali mbaya katika mbio za maili 200, na kuanzia hapo magurudumu matatu yakazuiwa kwa miaka kadhaa kushindana na magari ya magurudumu manne. Si kwamba yalikuwa ya polepole: miaka michache baadaye, kwenye njia ya Montlhéry karibu na Paris, mwanamke mmoja jasiri, Gwenda Hawkes, aliweka rekodi kwa Morgan akienda zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Kile kizuizi cha zamani bado kina wajukuu. Mwandaaji mmoja wa siku za mazoezi alinirudishia kiingilio changu alipoambiwa gari lina magurudumu matatu, ilhali siku hiyo hiyo alipokea magari marefu ya kubebea mizigo ambayo kwa kupinduka yanalishinda langu mbali. Alihesabu magurudumu, hakuuliza yamepangwaje. Nilisikitika sana, si kwa ajili ya kiingilio, bali kwa sababu kumfukuza dereva wa gari hili uwanjani ni kumrudisha akajifunzie barabarani, mbele ya watoto wanaotoka shule.

Katika uwanja wa Mallory Park, Leicestershire, kuna kona moja ndefu iitwayo Gerards, inayogeuka kulia kwa muda mrefu mpaka karibu unarudi ulikotoka. Hapo ndipo nilipolielewa gari langu. Unaingia kwa gia ya tatu, unaliegemeza gari juu ya gurudumu la mbele la kushoto, na kwa sekunde kadhaa hakuna la kufanya isipokuwa kusikiliza. Ukiongeza mwendo, pua huanza kwenda nje kidogo kidogo, usukani ukawa mwepesi mikononi, na tairi lile jembamba likaanza kulia. Gari linakuonya mapema, kabla mambo hayajaharibika. Ukipunguza mafuta kwa upole, pua inarudi ndani. Ukiyaachia kwa ghafla, mgongo unazunguka, na ni kitu kile kile kilichonipata Wyche juu ya barafu, tofauti ni kwamba pale kilitokea nikienda kilomita 30 kwa saa na hapa zaidi ya 100. Mara ya kwanza kilipotokea nilizunguka duara zima nikaishia kwenye majani, magurudumu yote matatu chini, na hakuna kilichoumia. Mwisho wa uwanja kuna kona nyingine, Shaw's, kali kama kiwiko, unayotoka kwa mwendo mdogo sana. Pale ukikanyaga mafuta kwa pupa, nguvu za farasi 80 hivi zinakwenda kwenye gurudumu moja, gurudumu linazunguka bure likitoa moshi, na wenye magari ya kawaida wanakupita huku wewe umesimama karibu pale pale.

Pale pia nilijifunza breki. Tairi nyembamba huhitaji nafasi ndefu ya kusimama, na mtu haijui nafasi hiyo kwa kuambiwa. Nilirudia mara nyingi kwenye njia iliyonyooka, nikikanyaga mpaka gurudumu moja la mbele linabana na kuanza kuteleza, kisha nikiachia kidogo, mpaka mguu wangu ukapajua mahali pale bila kufikiri. Huvaa kofia ngumu inayofunika uso wote, kwa kuwa magari yaliyo mbele hurusha vijiwe na hakuna kioo cha kuvizuia, na viwiko naviweka ndani. Injini ya silinda 2 hutikisa kila kitu, kwa hiyo kati ya kikao na kikao nakaza nati za mabomba ya moshi na za mabawa ya matairi.

Sasa nawageukia wale vijana mafundi, ambao ndio walionifanya niandike. Wanangu, msianze na chesisi ya bajaji. Hata mkiifunga injini ndogo, ile pembe tupu ya mbele bado ipo, na mwendo mkubwa utaifikia tu. Wekeni magurudumu mawili mbele, yaliyotanuka kadiri barabara inavyoruhusu, injini iwe karibu nayo na chini, dereva akae chini, na tairi ziwe nyembamba. Kabla chombo hakijawashwa, kiwekeni juu ya ubao mnene mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtu ukiwa umewekwa kwenye kiti, mkifunge kwa kamba legevu za usalama, kisha muuinue ubao upande mmoja, polepole, mkipima pembe. Pembe ya nyuzi 45 ni sawa na nguvu ya kando inayolingana na uzito wa chombo chenyewe, na tairi la kawaida la barabarani kwenye lami kavu kwa kawaida halivuki hapo. Gurudumu la juu likiinuka kabla ya nyuzi 45, chombo hicho kinaweza kupinduka kabla hakijaserereka, na kisiende barabarani hata siku moja; rudini kwenye vipimo, mshushe kiti au mtanue magurudumu ya mbele, mpime tena.

Ndugu Mhariri, pamoja na barua hii nimeleta michoro miwili niliyoichora kwa mkono, mmoja wa bajaji na mwingine wa Morgan, inayoonyesha kwa mishale uzito unavyokwenda breki zinapokanyagwa ndani ya kona. Naomba muichape katika ukurasa ule ule wa magari, hata kama barua hii mtalazimika kuipunguza.

Wenu,

Fundi magari,
Worcester, Uingereza